Aliyepanda Tawi la Mkunazi

Asubuhi ya kwanza ya likizo, Thobile aliamka akakuta bakuli la maziwa ya mgando limekauka, limelambwa hadi bati linang'aa, na bibi yake amepiga magoti mbele ya bakuli hilo anachekelea peke yake.

"Amekunywa tena," bibi alinong'ona. "Mama yako. Kila siku anamaliza."

Thobile alikuwa na miaka kumi na sita na usingizi ulikuwa bado umemjaa machoni, lakini maneno yale yalimwamsha kuliko maji ya baridi. Mama yake, Duduzile, hakuwa mtu wa maziwa. Tangu utotoni yalikuwa yakimvuruga tumbo. Kule Tembisa walikokuwa wakiishi wawili, hata chai aliinywa ya rangi, na ukimtania kwa kumsogezea mtindi aliziba pua akakimbilia mlangoni. Na hayo bibi aliyajua vizuri, maana ndiye aliyemzaa.

"Lakini Bibi, mama hanywi maziwa."

"Alikuwa hanywi," bibi alisema bila kugeuka. "Nilimwekea chai wiki nzima, ikapoa, nzi wakafia humo. Nikaweka maziwa, akanywa. Sasa mimi ni nani nimchagulie marehemu chakula?"

Thobile hakusafiri kutwa nzima kutoka mjini ili aje kubishana na bibi yake. Kila Desemba, shule zikifungwa, yeye na mama walikuwa wakija pamoja huku kwenye vilima vya Msinga, kwa kina Zondi, na hii ilikuwa Desemba ya kwanza anakuja peke yake. Duduzile alifariki mwezi wa sita, kombi aliyopanda ilipobingirika kwenye mteremko wa Van Reenen. Watu sita waliishia pale. Hakuwa ameolewa, kwa hiyo alizikwa kwao, nyuma ya zizi la ng'ombe.

Lakini kuzika ni mwili tu. Roho ya mtu aliyekufa njiani hubaki palepale, imeduwaa kando ya barabara, mpaka mtu wa kwao aifuate na tawi la mkunazi, aiite kwa jina lake na la ukoo wake, aiambie twende nyumbani. Akishalibeba tawi, haongei na mtu mwingine yeyote hadi afike. Mjomba Bhekumuzi, kaka yake mama, ndiye aliyekwenda, mwezi wa saba. Tawi alilileta, likachomekwa kwenye nyasi za paa juu ya msamo, kule nyuma kabisa ya nyumba ya msonge ambako ndiko waliotangulia huketi. Thobile aliambiwa kwa simu: mama yako amefika. Tangu siku hiyo alikuwa anahesabu siku za kufunga shule. Kitu kimoja tu ndicho alichokitaka duniani, kukaa karibu na mama yake, hata kama hamwoni.

Mchana, bibi alipokwenda kupalilia mahindi, Thobile aliingia ndani peke yake. Mle ndani mlikuwa na giza la ubaridi ingawa jua lilikuwa utosini. Akatandika mkeka mbele ya msamo, akakaa miguu kaikunja upande kama alivyofundishwa.

"Mama, ni mimi," alisema. "Nimepita. Hesabu nimechechemea, lakini nimepita."

"Nakaa kwa yule rafiki yako wa kituoni. Ni mwema. Ila anakoroma."

Mama yake alikuwa mlezi kwenye kituo cha watoto wadogo, na kituo kilitakiwa kufungwa saa kumi na moja jioni. Saa kumi na moja ya wapi! Kila siku alikosekana mzazi mmoja, na Duduzile akakaa na huyo mtoto mmoja mpaka saa moja, mpaka saa mbili, huku Thobile yuko nyumbani na njaa yake anapiga simu. "Nisubiri kidogo, mwanangu," lilikuwa jibu, kila siku lilelile. "Nimebakiwa na mmoja. Siwezi kumwacha mtoto hajachukuliwa." Akifika, alimgonga utosini kwa kidole mara tatu, taratibu, ndiyo namna yake ya kuomba radhi. Thobile alikuwa ananuna na kugeukia ukutani. Sasa angetoa chochote agongwe vile mara moja tu.

"Leo huna mtoto wa mtu," alisema. "Leo ni mimi na wewe."

Ndipo alipoisikia harufu. Kwanza ilikuwa petroli, hafifu, kama iliyomwagika siku nyingi, halafu sweta la sufu lililolowa mvua, halafu maziwa yaliyochacha, na zote tatu zilikuwa zinamjia kutoka chini, si kutoka kule juu kwenye tawi alikokuwa ametazama, kana kwamba aliyekuwa nazo hakuzidi urefu wa goti, na kabla hajaamua akimbie au abaki, kitu cha baridi chenye unyevunyevu kikagusa mkono wake uliokuwa mkekani, kikapapasa, kikapata kidole chake cha shahada na kukikamata, na Thobile, aliyekuwa amekaa miezi mitano akiuomba mkono wa mama yake, akatambua kwamba mkono ule wote, kiganja na vidole vyake vitano, ulikuwa umeenea kwenye kidole chake kimoja.

Alitoka nje bila viatu. Alisimama katikati ya uwanja, juani, na kuku walikuwa wamejibanza wote upande wa pili wa zizi, hakuna hata mmoja aliyekuwa anadonoa karibu na mlango ule.

Jioni alitaka kumwambia bibi. Alimkuta ameketi ndani, ameegemea nguzo, miguu kainyoosha, anajibembeleza mbele na nyuma.

"Shh," bibi alisema. "Ndiyo kwanza amelala."

Mapaja ya bibi hayakuwa na kitu. Lakini sketi yake ilikuwa imebonyea katikati, kama mto uliolaliwa, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umekunjwa umeshikilia hewa. Thobile aliutazama mkono ule. Bangili za shanga zilizokuwa zikimkaba Desemba iliyopita zilikuwa zimeshuka hadi kwenye kiganja, zinaning'inia. Uso nao ulikuwa umebaki mifupa. Aliona jinsi bibi yake alivyokwisha, na akajilaumu kwamba jana alipofika hakuona.

"Bibi, huyo siye mama."

"Mimi nilimlea mtoto mmoja tu wa kike," bibi alisema kwa sauti ya chini, yenye furaha ya kutisha. "Amerudi kama nilivyomlea. Mdogo hivi. Mungu amenihurumia, Thobile, ameniambia basi, MaNgidi, anza tena. Usinivurugie."

Akageuka kidogo ili mwanga wa mlangoni usimpige aliyelala, na hapo Thobile akaona mbele ya blauzi yake. Ilikuwa imelowa, mabaka mawili ya duara, na harufu ya maziwa ikamjaa puani. Bibi yake alikuwa na miaka sabini na mbili.

Mjomba Bhekumuzi alikuwa anafunga lango la zizi. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, mcheshi, ambaye kila Desemba alimpokea Thobile kwa kumwuliza kama mjini bado wanakunywa maji ya bomba yenye ladha ya sarafu. Safari hii hakuwa ametania hata mara moja.

"Mjomba," Thobile alinong'ona, "ulimleta nani?"

Mjomba aliendelea kufunga kamba ambayo tayari ilikuwa imefungwa.

"Mle ndani kuna mtoto. Nimemshika mkono. Anamnyonya Bibi, Mjomba, anammaliza. Uliniambia umemleta mama."

"Punguza sauti, mpwa wangu."

"Ulimleta nani?"

Mjomba akaketi juu ya jiwe, akavua kofia, akaanza kulia. Thobile hakuwahi kumwona akilia, hata mazikoni.

Kumbe ilikuwa hivi. Siku ile ya mwezi wa saba alifika mteremkoni asubuhi na mapema, tawi mkononi, kinywa amekifunga kama inavyotakiwa. Kabla hajamwita dada yake, akamwona mwanamke anazunguka kando ya barabara, peke yake, amevaa joho la bluu la akina mama wa kanisa, naye ana tawi lake. Mwanamke alikuja moja kwa moja kwake. Mtoto wangu alikuwa kwenye ile kombi, alisema. Miaka mitatu. Naambiwa alirushwa nje, lakini hakuna anayenionyesha ni wapi. Baba, wewe unapajua?

"Ningefanyaje?" mjomba aliuliza. "Niliwahi kufika siku ya ajali, niliona walipomwokota. Mama analia mbele yako, nawe ukae kimya umtolee macho kama ng'ombe? Nilimjibu. Nikasema, pale chini, mama, kwenye lile jiwe jeupe. Nikamwonyesha."

"Ulimwonyesha kwa nini?"

Mjomba alitazama mkono wake wa kulia.

"Kwa tawi," alisema. "Ndilo lililokuwa mkononi. Lile la kwetu."

Hapo tu likawa zito. Alilihisi kabisa, lakini alijiambia ni dada yake, amekuja mwenyewe. Akamwita jina haraka haraka, akapanda pikapu, akaondoka, kwa sababu alikuwa ameshafungua kinywa na aliona aibu. Alimwacha mwanamke yule anateremka kwenye jiwe jeupe, anamwita mtoto ambaye hayupo tena.

"Kwa hiyo mama yangu..." Thobile alisema.

"Yuko kulekule."

Miezi mitano. Baridi yote ile ya mwezi wa saba, na mvua zote hizi, mama yake amesimama kando ya barabara akipitwa na malori, na wao huku wanampa mwingine maziwa.

Asubuhi mjomba alimwita mganga, MaDuma, mwanamke mfupi wa maneno machache. Hakupiga ngoma wala kurusha mifupa. Alichungulia bakuli, akamtazama bibi, akalinusa tawi la zamani.

"Maziwa ya zizi hili yamenywewa na asiye wa zizi hili," alimwambia mjomba, akimwita kwa jina la sifa la ukoo wa Zondi. "Ni mtoto, Nondaba. Hana ubaya. Ana njaa, na ataendelea kuwa na njaa mpaka mwenye maziwa aishe. Mrudisheni ulipomtoa. Na wa kwenu aitwe upya, kwa tawi jipya. Wewe umeshaongea, huwezi kulibeba tena tawi. Aende binti yake."

Bibi aliposikia alishikilia nguzo. Hakuwa na nguvu za kusimama, lakini alipiga kelele iliyomfikia jirani.

"Mmenizikia mmoja, sasa mnaninyang'anya huyu! Anaogopa giza! Nani atamshika njiani? Bheki, wewe ni mwanangu kweli, wewe?"

Ilibidi MaDuma amkumbatie kwa nguvu. Mjomba alilichomoa tawi la zamani kutoka kwenye paa, na kile kilio kilichofuata hakikutoka kwa bibi peke yake.

Waliondoka alfajiri iliyofuata. Mjomba alililaza tawi la zamani kwenye kiti cha mbele, akalifunga mkanda, akawa analiambia kila kitu kwa sauti ya chini: sasa tunavuka mto Tugela, mdogo wangu, sasa hii ni lami. Thobile alikaa nyuma ya pikapu na tawi jipya, bichi, miiba inamchoma. Walipofika mteremkoni ukungu ulikuwa mzito na malori yalikuwa yanashuka taa zikiwaka.

Mjomba aliteremka hadi kwenye jiwe jeupe. Aliliweka tawi, akaweka chupa ndogo ya maziwa kando yake, akachuchumaa.

"Nilikupandisha gari la watu," alimwambia. "Nisamehe. Mama yako atakuja."

Thobile alisimama kwenye nyasi ambako kioo kilichovunjika bado kilikuwa kinang'aa. Hakuwahi maishani kumwita mama yake kwa jina.

"Duduzile," alisema. "Duduzile wa Zondi, Nondaba. Ni Thobile. Nimekuja kukuchukua."

Upepo haukuvuma. Tawi likashuka mkononi mwake kama ndoo inapojazwa maji, na harufu ya sabuni ya kufulia na uji wa kituoni ikamzunguka shingoni, na Thobile akalia kwa furaha, akijua kwamba anaruhusiwa kuongea na mtu huyu mmoja tu, na huyu mmoja ndiye aliyemtaka.

"Twende, Mama. Tunapanda kilima. Shika hapa. Mjomba ameweka gari pale juu."

Walikuwa wamebakiza hatua kumi wafike barabarani mtoto alipoanza kulia.

Hakikuwa kilio cha kutisha, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Kilikuwa kilio cha kawaida cha mtoto wa miaka mitatu anayeona watu wanaondoka, kile cha kuvuta pumzi kwanza, kimya kirefu, halafu sauti yote kwa mpigo, na kilipanda mlima nyuma yao hatua kwa hatua, kikijikwaa, kikiinuka, kikifuata, na tawi likaanza kuvuta, si kwa nguvu, kama mtu unayetembea naye ameshikwa nguo na mwingine, na Thobile akaongeza mwendo huku miiba inamzama kiganjani na maneno yanamtoka ovyo.

"Usigeuke, Mama. Tunafika. Hili ni gari. Tunapanda. Mama yake atakuja, Mjomba amesema. Mama, tafadhali. Mimi pia nimesubiri. Kila siku nilisubiri. Mimi pia sijachukuliwa."

Alipanda mbele, akafunga mlango, akalikumbatia tawi. Mjomba akawasha gari bila kumtazama. Kilio kilikuwa sasa pale nje, chini ya dirisha, kimefika kwenye kwikwi.

Thobile akahisi kidole utosini. Mara tatu, taratibu.

Kisha tawi likawa jepesi.

Alikaa nalo mapajani saa tatu nzima. Midomo yake iliendelea kusema, sasa tunavuka mto, sasa tumeiacha lami, kwa sababu mjomba alikuwa anamsikiliza, na kila aliposikia mjomba alishusha pumzi. Tawi halikuwa na uzito zaidi ya ufito wa kuchungia mbuzi. Nyuma yao, kabla hawajaondoka, kilio kilikuwa kimenyamaza ghafla, kama kinavyonyamaza cha mtoto aliyeinuliwa.

Bibi alikuwa amelala mkekani, MaDuma pembeni yake. Ubani wa majani ulikuwa umewashwa msamoni. Anayebeba tawi ndiye anayetoa neno la kwanza nyumbani, na wote walimtazama Thobile.

"Yupo?" bibi aliuliza, hakuweza kungoja. Sauti ilikuwa nyembamba mno. "Mmeniletea?"

Thobile aliutazama mkono ule wa mifupa na zile bangili. Alijua kwamba mtu hasemi uongo mbele ya msamo.

"Huyu hapa, Bibi," alisema. "Amechoka tu."

Moshi wa ubani haukupanda. Ulijilaza chini, ukatambaa sakafuni, ukatoka mlangoni. MaDuma aliufuata kwa macho, kisha akamtazama Thobile.

Asubuhi bakuli la maziwa lilikuwa limejaa vilevile, limefanya utando juu. Bibi aliliona, akacheka, kicheko dhaifu lakini chake hasa, cha zamani.

"Huyo ndiye Dudu wangu," alisema. "Mdomo wa kuchagua. Thobile, mpikie mama yako chai ya rangi. Na mimi nimegee ugali, nina njaa."

Thobile alichemsha maji. Machozi yalikuwa yanadondokea kwenye majani ya chai, na hakuyafuta. Alipeleka kikombe msamoni, akakiweka pale ambapo hapakuwa na mtu, akatoka kwenda zizini. Mjomba alikuwa anakamua.

"Mjomba, yule mama wa joho la bluu. Alisema anatokea wapi?"

Mkono wa mjomba ukasimama. Alimtazama mpwa wake, na polepole akaelewa, na uso wake ukazeeka palepale.

"Alisema kwao ni upande wa Estcourt," alijibu. "Jina hakunitajia. La mtoto alinitajia, alikuwa anaitwa Mpilo."

"Tutaanza makanisani," Thobile alisema. "Leo."

Mjomba aliinua ndoo, akaenda kuutafuta ufunguo wa gari. Thobile alibaki amesimama, na alikuwa amenuna kidogo, kama zamani akiwa na simu sikioni na njaa tumboni. Mama yake hakuwahi kufunga mlango wa kituo kabla mtoto wa mwisho hajachukuliwa, na ukitaka arudi nyumbani mapema, ilikuwa lazima uende wewe mwenyewe ukamtafute mwenye mtoto.